Tumeni Picha Yenye Miguu

Mdogo wangu alipotangaza kwamba amepata mchumba, alituma picha tatu kwenye kundi la familia la WhatsApp. Binti amevaa gauni la kitenge, nyuma yake mawe ya Capri Point, Mwanza, na ziwa limetulia. Pongezi zikamiminika. Shangazi yetu, aliyetoka Magu na sasa tunaishi naye Buswelu, aliomba simu yangu, akaisogeza karibu kabisa na uso, akaivuta picha kwa vidole viwili, akaishusha, akaishusha tena mpaka ikafika mwisho.

"Mbona zote zinaishia kiunoni?" akauliza. "Mwambieni atume yenye miguu."

Vijana walicheka. Shangazi hakuwa anatania. Alipokuwa mama wa makamo alikuwa mmoja wa wanawake waliotumwa kwenda kumwangalia binti kabla posa haijapelekwa. Wanafika kwa kisingizio cha kuomba maji au kuulizia mbegu, wanakaribishwa, na wakati binti anapiga magoti kuwasalimia, wao wanasoma. Nilimwomba anieleze walikuwa wanasoma nini. Alieleza jioni nzima, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafumua maneno yake kama mtu anayefumua wavu uliojisokota, kwa sababu ndani yake kuna mambo ya aina tofauti kabisa yaliyofungwa fundo moja. Watu wengi ama huyameza yote au huyatupa yote.

Alianza na kisigino. Kiwe kigumu kiasi, kionyeshe kimezoea udongo. Kigimbi kiwe kimeshikamana. Unyayo usiwe bapa kama wa bata, maana mwenye unyayo huo hufuta baraka za nyumba kila anapopita. Kidole cha pili cha mguu kisikipite kidole gumba, kwani mwenye nacho atamtawala mumewe. Nyonga ziwe pana, atajifungua bila shida. Rangi ikiwa nyeupe ni heri. Mwanya kwenye meno ya mbele ni uzuri, ila mama yake aulizwe taratibu kama meno ya chini ndiyo yaliyotangulia kuota, kwa kuwa ya juu yakitangulia, huyo ni kigego. Paji la uso likiwa pana ana akili. Likizidi, ni mbishi.

Kisigino na kigimbi mimi ninavitetea. Mke wa Usukumani alikuwa anaingia kwenye jembe, kwenye pamba na mtama, kwenye maji ya kuchota mbali na ng'ombe wa kukamua. Kisigino kilichopasuka na kiganja chenye sugu havitabiri chochote. Ni ushahidi: vinasema mtu huyu jana na juzi alikuwa anafanya nini. Upande wa binti nao walikuwa na yao, waliposhikana mikono na kijana walikuwa wanapapasa kiganja. Na ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, zile zinazochezwa baada ya mavuno na ambazo mpaka leo unaweza kuziona kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, zilikuwa pia mahali pa kutazamana. Kijana anayecheza bugobogobo na jembe mkononi tangu jua la mchana hadi linazama hahitaji mtu wa kumshuhudia kwamba mapafu na magoti yake ni mazima.

Hata binti alikuwa na zamu yake ya kutazama, kwa mila inayojulikana kama chagulaga. Vijana humfuata msichana akitoka ngomani au mnadani, humzunguka, humwambia achague mmoja wao. Wapo wanaoisimulia kama uhuru wa mwanamke wa Kisukuma. Mimi siioni hivyo. Mtu aliyezungukwa gizani na vijana ambao hakuwaita, na ambaye hapewi njia mpaka ataje mmoja, hajapewa uhuru wa kuchagua.

Tatizo la ushahidi wa kisigino ni kwamba una mipaka, na dunia imeipita mipaka hiyo. Binti wa siku hizi anaweza kuwa muuguzi anayesimama kwa saa 12 wodini amevaa raba, au mfanyabiashara anayefika mwaloni Kirumba saa 10 alfajiri kupokea dagaa kutoka visiwani. Anachoka kuliko aliyelima, lakini kisigino chake laini hakisemi lolote. Alama ilikuwa ya kweli kwa kazi moja na maisha ya aina moja.

Tukiacha kisigino tukapanda kwenye kidole, unyayo, mwanya na paji, tumeingia kwenye elimu nyingine. Hapa hatutafuti tena alichofanya mtu, tunatafuta tabia yake na bahati yake. Waswahili wanalo neno la kazi hiyo, firasa, lililotoka kwenye Kiarabu: kumjua mtu wa ndani kwa kumtazama wa nje. Fakhr al-Din al-Razi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1210, aliiandikia kitabu, na Wagiriki walikuwa wameiandikia kabla yake. Katika miaka ya 1770 mchungaji mmoja wa Zurich, Johann Kaspar Lavater, aliifanya kuwa mtindo Ulaya nzima. Mwaka 1831 nahodha Robert FitzRoy karibu amkatae Charles Darwin asipande meli yake, kwa kuwa alimfuata Lavater na aliona mtu mwenye pua ya namna ile hawezi kuwa na nguvu na uthabiti wa kustahimili safari. Pua hiyo ilisafiri karibu miaka mitano kuzunguka dunia. Naitaja habari hii kwa sababu tumezoea kudhani imani za sura ni za bibi zetu wa kijijini peke yao. Manahodha na wasomi walizishika vilevile.

Zilipopimwa, hazikusimama. Mwaka 1913 daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, alichapisha vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 baada ya kuwalinganisha na watu wengine, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu na wanajeshi. Umbo la kumtambulisha mhalifu halikuonekana popote. Kwa nini basi zinatuingia kirahisi hivi? Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba sehemu 1 ya 10 ya sekunde inatosha mtu kuamua kama uso anaouona ni wa kuaminika, na akiongezewa muda habadilishi sana uamuzi, anazidi tu kuwa na uhakika. Tena watazamaji wengi hukubaliana wao kwa wao. Hapo ndipo mtego ulipo. Wanawake watatu waliotumwa wakirudi na neno moja, familia inaona jambo limethibitishwa na mashahidi watatu, kumbe wametazama kwa macho yaliyofundishwa na mafundisho yaleyale.

Mwanya hutokana na ukubwa wa meno ukilinganishwa na taya, au kikano kilichoshuka kati ya meno mawili ya mbele, na huenda katika ukoo. Unyayo bapa nao mara nyingi hurithiwa, kama pua. Kidole cha pili kirefu ni urefu wa mfupa. Wachongaji wa Ugiriki ya kale walikichonga hivyo miguuni mwa miungu yao kwa sababu kwao ulikuwa uzuri. Hakuna uzi unaotoka kwenye kidole ukafika kwenye ulimi wa mwenye kidole.

Kigego naomba nisimpitie haraka, kwa kuwa hapo imani iliacha kuwa mazungumzo. Meno ya mtoto kwa kawaida huanza chini, lakini wapo wanaoanza juu, na ni tofauti ya kawaida tu ya maumbile. Zamani katika jamii nyingi za huku kwetu watoto wa namna hiyo walihesabiwa mkosi, na wapo waliotupwa. Aliyesalia aliishi na jina hilo mpaka ukubwani, likaulizwa tena siku ya posa yake. Ng'ombe wakifa mwaka alioolewa, ni yeye. Wakizaa mapacha, hakuna anayemkumbuka. Hesabu ya mkosi siku zote huandikwa ukurasa mmoja tu wa daftari, na bibi arusi aliyepokelewa kama mkosi anaishi kwa wasiwasi, anakosea, anagombana, halafu wanasema si tuliwaambia.

Sasa nyonga. Hii imewahi kuua, na inazungumzwa kama sifa.

Upana wa nyonga unaouona kwenye gauni ni mifupa kwa sehemu, na kwa sehemu kubwa ni misuli na mafuta. Mtoto hapiti hapo. Anapita ndani, kwenye tundu la mifupa ya fupanyonga, na tundu hilo halionekani kwa macho hata na mkunga mzoefu. Kliniki ya wajawazito hupima kimo: mama mwenye urefu chini ya sentimita 150 hufuatiliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa ufupi huo huendana mara nyingi zaidi na njia nyembamba. Hata hivyo, wapo wafupi wengi wanaojifungua salama na wapo warefu wenye nyonga za kusifiwa wanaoishia chumba cha upasuaji. Mwanamke aliyeambiwa maisha yake yote kwamba ana umbo la kuzaa anaweza kuchelewa kwenda hospitali kwa kuamini hilo tu, na uchungu ukikwama saa ni chache.

Kuna ubaya mkubwa zaidi. Jicho linalosoma nyonga ndilo hilohilo linalotazama kifua cha mtoto wa miaka 14 na kusema "huyu amekua." Mwili wa msichana huonekana wa mwanamke kabla haujawa. Tundu la fupanyonga linaendelea kupanuka miaka kadhaa baada ya kuvunja ungo, hata kimo kinapokaribia kusimama. Aliyeolewa kwa kuonekana amekua, akapata mimba mara moja, yuko kwenye hatari ya uchungu wa siku mbili tatu, mtoto kufia njiani, na yeye kubaki na fistula, yaani kidonda kilichotoboka kinachovujisha mkojo mchana na usiku. Hospitali ya Bugando imekuwa ikiwafanyia upasuaji wanawake wa namna hiyo kutoka Kanda yote ya Ziwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukubali ushindi huo mwaka 2019. Hukumu hiyo inataka umri uhesabiwe kwa miaka, nayo iwe 18. Kijijini bado yapo macho yanayouhesabu kwa kifua.

Kuhusu weupe nitasema machache kwa sababu kila mtu wa huku anaujua wimbo wake: binti mweupe huongezewa ng'ombe. Kilichofuata kinauzwa kwenye makopo madogo sokoni. Mkorogo wenye zebaki au hidrokinoni umepigwa marufuku nchini, na bado unapatikana. Zebaki hiyo ndiyo wachimbaji wadogo wa Geita wanayotumia kukamatia dhahabu, na mwilini hufanya kazi ya kuharibu figo, awe mchimbaji au bibi arusi.

Hadi hapa inaonekana kama namshtaki shangazi. Simshtaki, na hapa ndipo penye fundo lenyewe. Nilimuuliza: mkishamwona binti, miguu mizuri, mwanya upo, mlikuwa mnaamua siku hiyo? Alinitazama kama niliyeuliza swali la mtoto.

"Tungeamuaje? Ndiyo kwanza tumeanza."

Baada ya macho ulikuja upelelezi, nao ulichukua miezi, mara nyingine misimu miwili ya kilimo. Mshenga alikwenda kijiji cha tatu kuuliza kuhusu ukoo wa mama. Waliuliza kama kuna kifafa, ukoma, wazimu. Kama watoto wa nyumba ile wanakufa wadogo na wanakufaje. Kama baba anapiga, kama kaka zake ni wezi wa ng'ombe, kama bibi ni mchoyo wa chumvi. Waliuliza majirani waliogombana nao na majirani waliopatana nao, wakalinganisha. Macho yalifungua mlango, lakini nyumba ilikaguliwa kwa masikio. Waswahili walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: kile kikopo cha mti kilichonakshiwa nje, ukikifunua unakuta mti mtupu. Wazee wa shangazi walifunua kabla ya kununua.

Sisi tumebaki na jicho, upelelezi tumeuacha. Vijana wanakutana mjini, mmoja katoka Sengerema mwingine Bariadi, hakuna anayemjua bibi wa mwenzake, na kilichosalia mkononi ni picha. Halafu tunaikagua picha kwa vigezo vya shangazi bila miezi ya shangazi. Hilo ni jambo jipya, na ni la hatari kuliko alilofanya yeye.

Ziwa hili limelipia kosa hilo mara moja tayari. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini walithibitishwa Kagera mwaka 1983, na upande ule ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Kwa miaka mingi watu walichagua wachumba kwa unene. Aliyenawiri, mashavu yamejaa, alihesabiwa salama, aliyekonda alikimbiwa. Lakini virusi hukaa mwilini miaka mingi mwenye navyo akiwa na mashavu yake, na siku hizi anayemeza dawa zake vizuri hana tofauti yoyote ya kuonekana na mwingine. Tulizika wengi waliochaguliwa kwa kunawiri.

La pili linaendelea sasa hivi. Selimundu, wengi tunaiita sikoseli, ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye nao kila mwaka, Kanda ya Ziwa ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa. Mtu mwenye chembe moja tu ya urithi huo, anayeandikwa AS kwenye majibu ya maabara, haumwi. Analima, anacheza ngoma, ana kigimbi na nyonga na mwanya. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba chembe hiyo humkinga mwenye nayo dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu imejaa kwenye nchi za mbu kama hii yetu ya ufukweni. Maana yake ni kwamba AS anaweza kuwa ndiye kijana mzima kuliko wote uwanjani, kwa sababu malaria iliyowachukua wenzake utotoni ilimwacha. Wakikutana AS wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye ugonjwa kamili. Wazee hawakuwa na maabara, lakini lile swali lao, watoto wa nyumba ile wanakufaje, lilikuwa linaugusa mlango huu. Swali la kidole gumba halikuugusa.

Nimesema shangazi anaishi nasi Buswelu. Sijasema kwa nini. Alikausha samaki kwa moshi zaidi ya miaka 30, na kabla ya hapo alipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, kwa kuwa nchi ile miti yake ilifyekwa tangu wakati wa mkoloni, kwa ajili ya mashamba na kufukuza mbung'o. Macho yake ni mekundu. Daktari amemwambia ni makovu ya vikope vya tangu zamani, kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho, na moshi umeongezea. Kijijini yalianza maneno. Kila mtu wa Kanda ya Ziwa anajua maneno hayo yanaishia wapi: kwa miongo mingi wanawake wazee wamekatwa mapanga Mwanza, Shinyanga na Geita kwa kuwa macho yao yana rangi ya mchawi. Tulimchukua usiku.

Mwanamke anayechaguliwa akiwa na miaka 18 kwa sababu mwili wake unaonyesha amezoea kazi, akifika 70 anahukumiwa kwa macho ambayo kazi hiyohiyo imeyachoma. Waliomsoma kisigino na wanaomsoma macho wametumia elimu moja. Nilimwambia hivyo shangazi, si kwa kumlaumu. Alinyamaza muda mrefu, akasema yule bibi wa jirani yao, aliyeuawa yeye akiwa msichana, naye alikuwa mkaushaji wa samaki.

Jumapili iliyopita binti alikuja. Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti mkekani. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mayu. Sogea."

Miguu ilikuwa pale, hatua mbili, lakini jicho la shangazi halifiki tena hatua mbili. Alimshika mikono yote miwili na hakuiachia. Akamuuliza kwao, akamuuliza kwa mama yake, akauliza waliozaliwa ni wangapi na waliopo ni wangapi. Binti akasema walizaliwa sita, wapo watano. Aliyemfuata yeye alifariki akiwa na miaka minne, alikuwa anavimba vidole vya mikono na miguu, analia usiku kucha kwa maumivu. Ndiyo maana yeye alikwenda kupima akiwa chuoni. AS.

Shangazi aliniuliza maana yake, nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu. Akamgeukia mdogo wangu, aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Na wewe?"

Mdogo wangu hakuwa amepima. Jumatatu walikwenda wote wawili. Majibu hayajatoka.